Thabit na Mbwa Aliyerowa

Hapa Maskati mtu akifuga mwewe huitwa bingwa, akifuga ngamia huitwa tajiri. Ndugu yangu Thabit alifuga mbwa, wakamwita mwendawazimu. Mimi ni dada yake, Kheiria, nimekaa naye nyumba moja Hamriya tangu mkewe alipofariki. Nayasema haya kwa hasira, wala sitaki mtu aniambie nitulie.

Mbwa mwenyewe hakumtafuta. Mzungu mmoja wa Bustan mkataba wake ulikwisha, akapanda ndege kwenda kwao, mnyama akamwacha amefungwa getini hana hata maji. Thabit alikuwa amekwenda mtaa huo wa Bustan kumtazama mgonjwa. Akamfungua, akaja naye, tukamwita Bofulo kwa rangi yake ya mkate uliokolea moto. Alilala bandani uani, ndani hakuingia, na bakuli lake halikuchanganywa na vyombo vyetu. Sisi ni Waislamu, hatukungoja majirani watufundishe.

Baada ya msiba Thabit alikuwa ameacha kuzungumza. Wizarani alikokuwa karani ilikuwa salamu tu, na nyumbani alhamdulillahi tu. Bofulo ndiye aliyemtoa. Baridi ikiingia, kila Alkhamisi walikwenda pamoja kupanda milima, na jioni namwona kaka yangu anarudi anacheka peke yake. Basi mimi mbwa yule nilimhesabu dawa.

Mwaka wa tisini na saba zikaja habari kwamba Jabal Shams kumeanguka theluji. Pikapu ya Thabit ilikuwa gereji. Sleyum akajitolea kutupeleka, nami safari hii nikafuatana nao. Sleyum ni mtoto wa marehemu kaka yetu Saeed. Tangu ana miaka mitatu amelelewa na Thabit, akasomeshwa mpaka akawa meneja. Alikuwa amenunua gari kubwa jipya, viti vya ngozi.

"Mkavu kwa mkavu hapana najisi, ami," alisema, akatandika turubali nyuma, Bofulo akapanda. Nikamsifu, Mungu anisamehe.

Juu kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Sleyum alibaki garini na hita yake, sisi tukashika njia ya ukingoni. Theluji ilikuwa imetanda juu ya mawe na vichaka. Bofulo hakupata kuiona maishani. Akawa anaila, anapiga chafya, anaila tena. Thabit alicheka hadi akaegemea jabali. Kisha theluji ikageuka mvua, ukungu ukashuka, njia ikawa tope tupu. Thabit akateleza, goti likamgeuka. Tuliteremka yeye ameushika mkanda wa shingoni mwa Bofulo, nami nimemshika mkono, wote watatu tumerowa chapa.

Sleyum akateremsha kioo kidogo.

"Shangazi, ingia. Ami, nawe ingia. Huyo hapana, kesharowa, atatia najisi gari."

"Nimwache wapi?" Thabit akauliza.

"Mfunge hapo. Kesho nitatuma mtu."

"Kesho atakuwa keshakufa kwa baridi, mwanangu. Gari nitaliosha mimi, mara saba, moja kwa mchanga. Sharia ishaweka njia."

"Mchanga utaharibu ngozi, ami."

Kumbe si dini, ni viti! Ningemheshimu kama angeshikilia dini yake. Lakini dini alikuwa ameivaa koti, na alipopewa njia ya kutoka akalivua.

"Nenda, mwanangu," Thabit alisema. "Nna miguu, ntateremka."

Na goti lile. Mimi nilikuwa nimeshatia mguu mmoja garini, nikautoa.

"Sleyum," nikamwambia, "tulipotoka Unguja, melini, ulikuwa ukiharisha. Ami yako alikuwa na kanzu moja tu, nawe umo kifuani mwake. Watu wakamwambia akuweke chini, kanzu haifai tena kusalia. Hakukuweka."

Alinitazama, kisha akatazama mbele. Akapandisha kioo, akaondoka. Nasema aliondoka, maana kuna jamaa zetu wanaodai kwamba natia chumvi. Alimwacha mzee aliyemlea njiani mlimani, kwenye mvua ya theluji, akaenda zake na viti vyake.

Tukateremka. Thabit alikuwa akienda hatua chache, anasimama, Bofulo naye anasimama akimngoja. Midomo ya kaka yangu ilikuwa imegeuka rangi, nami nilikuwa nikisoma kila dua niijuayo. Tukasikia pikapu nyuma yetu. Alikuwa mzee wa mlimani anateremsha mbuzi wake. Hakuuliza mbwa mkavu wala mbwa aliyerowa. Akamtia nyuma pamoja na mbuzi, nao wakajibana upande mmoja kwa khofu, na sisi akatukalisha mbele na kutufunika blanketi lake.

Tulipokwenda kidogo akauliza kwa Kiarabu, "Nilipokuwa kando ya njia napakia mbuzi limenipita gari kubwa, mna mtu mmoja ndani. La nani lile?"

Thabit akajifuta uso.

"La mwanangu," alisema. "Alikuwa na haraka."

Yule mzee akanitupia jicho. Mimi sikuwa na mtoto wa kumsitiri. Nikamweleza yote, viti na mchanga na meli, jina na jina la baba. Thabit hakunikataza. Alifika bondeni analia, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, na tangu siku ile sijamsikia tena akimwita Sleyum mwanangu.