Tulimaliza kenge wa mtoni kwa ajili ya ngoma ya harusi, kisha mchanga ukaanza kulia

Wakuu, shikamooni na marahaba kwa mpigo mmoja, maana sijui nani humu ana umri gani.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na ushee, niko Kigoma. Mjukuu wangu ndiye anayechapa, na nimemwapisha asipambe kitu. Nitakayosema niliyaona.

Wale wa "bila picha hatuamini", picha sina. Miaka ile ya hamsini kwetu kamera alikuwa nayo padre peke yake.

Uzi huu unamhusu dada yangu Feza, na jinsi nilivyosaidia kumuua bila kumgusa.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, ukitoka Baraka unaelekea Mboko, pale mto mdogo unapoingia ziwani. Wabelgiji walikuwa bado wanatawala.

Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo, na muhogo wenyewe ni ule mchungu, ukiula hivihivi unakudhuru. Kwa hiyo wanawake walichimba vidimbwi kando ya mto wakauloweka siku tatu nne mpaka ulainike.

Kuutoa, unaingia majini mpaka magotini, unainama, unapapasa chini kwa mikono. Maji yamekuwa meupe kama uji, hata vidole vyako huvioni. Hilo mlikumbuke.

Sasa kenge. Kwa watoto wa mjini: ni mjusi mkubwa, mkia wake ukikuchapa utakumbuka. Alikuwa anatuibia mayai na vifaranga. Mimi ndiye niliyechunga kuku wa mama, kwa hiyo kenge alikuwa adui yangu binafsi. Nilijua mashimo yao yote ukingoni.

Mamba pia tuliwajua. Kila kiangazi walikuja kutaga mchangani, baada ya muda wakaondoka kurudi kwenye matete mbali kule. Kwa nini hawakai? Hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi Feza akaposwa na kijana wa ng'ambo ya mto. Kwetu ngoma iliwambwa kwa ngozi ya kenge, nyembamba, sauti yake kali. Baba mdogo, mpiga ngoma wa kijiji, akaniita.

"We ndjo unajuaka mashimo yabo yote. Utatuonesha. Nataka ngoma ya Feza isikilikane mpaka Mboko!"

Jamani, nilivimba kichwa!

Kiangazi chote nilitangulia mbele, wanaume wakafuata na mbwa na mapanga. Ngoma ya Feza ilihitaji kenge wachache tu. Lakini nyumba ya pili nayo ikataka ngoma mpya, na ya tatu, na mimi nikaendelea kuonyesha. Ngozi zilizozidi zilioza tu nyuma ya nyumba.

Mwishoni mbwa walinusa ukingo mzima wakarudi mikono mitupu, kama mbwa wana mikono. Tulikula mayai ya kuku mpaka tukayachoka.

Harusi ilifana. Sijui kama Mboko walisikia, ila Feza alicheza mpaka akapoteza kiatu, na mimi nilijiona nimemfanyia jambo kubwa maishani mwake.

Mvua za kwanza zikanyesha. Asubuhi moja, jua limeshapanda, tulikuwa tunaelekea vidimbwini na mabeseni. Feza alikuja kutoka kwa mumewe kuungana nasi. Akasimama ghafla.

"Mudogo, sikiya. Kuko kitu inalia mu muchanga."

Nikadhani ananitania. Nikapiga magoti, nikaweka sikio chini.

Wakuu, mchanga ulikuwa unalia. Sauti ndogo nyingi, za haraka, kama vifaranga waliofunikwa na kapu, ila zinatoka chini ya ardhi. Ukikanyaga, zinanyamaza. Ukitulia, zinaanza tena, moja, mbili, kisha zote.

Bibi yetu, aliyezaliwa na kuzeekea pale, akaletwa kusikiliza. Alisema hajawahi kuisikia sauti ile maisha yake yote. Katekista akaomba, wengine wakasema ni watoto waliokufa bila majina. Mimi nililia kwa hofu, sifichi.

Siku tatu mchanga ulilia. Siku ya nne ulikuwa kimya, na pale penye sauti palikuwa na shimo kubwa, limefukuliwa kwa makucha.

Tukashukuru Mungu kwamba lililokuwa likilia limeondoka.

Muhogo hauwezi kungoja, ukikaa mno unaoza. Kesho yake tukaingia majini, mimi na Feza tukiwa kwenye kidimbwi kimoja. Tulifanya kazi tukipiga stori za mumewe, jinsi anavyokoroma. Nakumbuka vyura hawakulia asubuhi ile, nami nikaona ni utulivu tu.

Feza akapapasa, akainua kiganja.

"Angalia hii! Kajusi! Kako na meno!"

Kalikuwa na urefu wa kama shibiri moja na nusu, kana mistari. Tulicheka. Kakafungua mdomo, kakalia.

Ilikuwa sauti ileile ya mchangani.

Dada yangu alinitazama. Nafikiri alielewa kabla yangu. Maji nyuma yake yakainuka, nikaona mgongo, na Feza hakuwepo. Hakupiga hata kelele. Beseni lake lilibaki likizunguka juu ya maji.

Kidimbwi kile hakikuwa kikubwa. Yule mamba hakutoka mtoni, tungemwona. Alikuwa humo tangu tunaingia, chini ya maji meupe, karibu na miguu yetu, akitusikiliza tukicheka. Hakutugusa mpaka mwanawe alipoita.

Tulimpata Feza jioni kwenye matete. Msibani alipigiwa ngoma ya harusi yake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na sauti nzuri kuliko zote. Baba mdogo aliipiga huku analia, hakuweza kunitazama, na mimi sikuweza kumtazama.

Miaka mingi baadaye, nikiwa huku Kigoma, bwana samaki mmoja alinifafanulia. Kenge ndiye mfukuaji mkuu wa mayai ya mamba. Mama akiona kiota kimeliwa, anaondoka. Yakisalimika, watoto huita kutoka chini ya mchanga, mama anawafukua, anawabeba kinywani na kuwapeleka kwenye maji yaliyotulia.

Kama vidimbwi vyetu vya muhogo.

Bibi hakuwahi kuisikia sauti ile kwa sababu kila mwaka kulikuwa na kenge.

Nimeandika leo kwa sababu mjukuu alileta kazi ya shule, mnyororo wa chakula. Amechora samaki, mamba, yai, kenge, na mishale katikati. Akaniuliza kama amepatia. Nikamwambia amepatia, ila aongeze msichana mwenye beseni.

"Nimuandike jina gani, bibi?"

Nikamwambia. Ndiyo maana mnamsoma hapa.

Funzo langu ni hilo, usimalize kiumbe kwa sababu tu anakuibia mayai. Na ninyi, kwenu mlimmaliza nani, na baada yake mlianza kusikia nini? Niambieni, mjukuu atanisomea yote.