Usingizi Mmoja Tu

Shangazi yangu, dada wa baba, mtaani wanamwita Rubani, na hajawahi kukanyaga hata ngazi ya ndege. Kazi yake ni kukata tiketi katika ofisi yenye dirisha moja na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Kutwa nzima anaulizwa jambo lile lile: ni mbali? Vijana anawaambia ukweli. Wazee wenye hofu, waliotumiwa nauli na watoto wao, anawainamia na kusema ni usingizi mmoja tu, ukifumba macho huku unafumbua kule. Baba alikuwa akimtania kwamba njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ndiyo fupi kuliko zote. Shangazi alicheka, lakini hakuacha.

Maneno hayo hayo alimpa bibi siku binti wa pekee wa shangazi alipokwenda kusoma ng'ambo. Bibi ndiye aliyemlea huyo binamu yangu, maana shangazi alishinda dirishani tangu asubuhi hadi giza. Basi bibi akayaamini. Kwa miaka minne, kila alipoamka alitazama mlango kwanza, ndipo akaitikia shikamoo zetu. Jambo hilo liliniudhi, na bado linaniudhi.

Mwaka huu moyo wa bibi ukachoka. Daktari aliposema tuwaite walio mbali, shangazi alimkatia binti yake tiketi kwa mkono wake mwenyewe. Mganga hajigangi. Mwanamke aliyewatuliza wasafiri wa nusu ya mji alishindwa kujituliza: kilomita elfu tisa, saa kumi na moja angani, na kwa kuwa hakuna ndege ya moja kwa moja, saa sita nyingine za kusubiri njiani. Je, atamkuta bibi hai? Hilo halikuandikwa kwenye tiketi yoyote.

Tulipopata habari kwamba binamu amepanda ndege, shangazi alivuta kiti kando ya kitanda. Tulimwomba tupokezane, akakataa. Alimlowanisha bibi midomo, akamgeuza, akasikiliza pumzi zake hadi kukakucha. Asubuhi alinong'ona kwamba sasa ametua, anasubiri ndege ya pili. Baadaye, kwamba yuko angani tena. Macho yalikuwa mekundu na sauti imemkauka. Bibi alisinzia na kuamka, na kila alipoamka aliuliza kama mjukuu wake amefika.

"Bado, mama," shangazi alimjibu. "Lala kidogo."

Alasiri mlango ukafunguliwa. Binamu aliingia na viatu vyake, sanduku kaliacha kibarazani. Bibi alikuwa macho, ameegemea mito, amekonda, anamtazama. Aliyelala alikuwa shangazi. Kichwa kilikuwa kimeangukia ukingo wa godoro, mdomo wazi, mkono bado umeushika wa bibi.

Binamu alipiga magoti akamkumbatia bibi, wakalia kimyakimya. Nami nililia, sioni haya kusema. Kisha binamu akanyoosha mkono amwamshe mama yake, na bibi akamzuia.

"Mwache alale, mjukuu wangu," alisema. "Wewe ulikuwa umekaa tu ndani ya ndege. Aliyesafiri ni mama yako."