Sifuri ya Emérita

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, na mbuzi akishachinjwa kule Burungu, safari haiahirishwi. Alasiri waumini wangekuja kumwombea Emérita, binti wa Mama Mukagasana, fundi wa mitandao ya kompyuta, msichana wa kwanza wa kilima chao kupata kazi Kanada. Alisomea Goma, akarudi kufunga antena Mweso na vijiji vya jirani, kisha majuma matatu mazima akajibu maswali ya Wazungu kwenye skrini bila kubabaika.

Swali moja tu lilimshinda, wala halikuwa la kompyuta. Kwenye fomu ya visa palikuwa na mahali pa kuandika idadi ya watoto. Akaandika sifuri.

Usiwe na haraka ya kumcheka. Emérita alizaa akiwa na miaka kumi na saba, bado yuko shuleni. Mama Mukagasana akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akawatangazia watu kwamba amepata kitinda mimba. Kilima kizima kilihesabu miezi kwa vidole, kisha kikanyamaza kwa adabu. Gaëlle akakua akimwita bibi yake Mama, na mama yake Dada. Ile sifuri, basi, ilikuwa uongo uliokwisha zoeleka kwa miaka tisa. Emérita alipanga kumwita mtoto aje Kanada baadaye, kama mdogo wake.

Asubuhi ile ya sherehe ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Laetitia, aliyeshughulikia karatasi zake huko Goma, alitaka athibitishe kwa mara ya mwisho, kabla tiketi haijatolewa, kwamba hana mtoto. Asiyeandikwa leo, alisema, hatapokelewa kesho.

Emérita aliusoma mara tatu. Uso ukamwaka kwa aibu, peke yake chumbani, hakuna hata wa kumtazama. Akawaza kuhusu shemasi, wanakwaya, na yule mbuzi. Akaanza kuandika: sina.

Hapo Gaëlle akaingia, mikono ina vumbi la maharage aliyokuwa anachambua.

"Dada, beba na hii. Utawaonyesha watu wa kule. Niko wa tatu mu darasa!"

Ilikuwa ripoti yake ya shule. Emérita akaipokea akitabasamu, mpaka jicho lilipofika kwenye jina la mama. Mwalimu alikuwa ameandika: Emérita.

"Nani alimwambia mwalimu hivi?"

"Ni mimi. Aliniuliza."

"Na weye, nani alikuambia?"

"Mama. Tangu zamani. Alisema ningojee mpaka weye mwenyewe utasema." Mtoto akajifuta mikono kwenye sketi. "Nikangojaka."

Emérita alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu mzima mwenye diploma mbili alikuwa amedanganya fomu, na mtoto wa miaka tisa alikuwa amejaza yake kwa haki. Akafuta alichoandika. Akaandika kwamba anaye mmoja, akapiga picha ripoti ile, akaituma.

Jibu lilifika nyama ikiwa bado jikoni: tiketi imesimamishwa, faili itaanza upya, na mwajiri haahidi kungoja.

Mama Mukagasana alipoambiwa, alikaa kwenye kigoda, mwiko bado mkononi.

"Watu wako mu njia, Emérita. Tutawaambia nini?"

"Ukweli, mama."

Mama Mukagasana akauweka mwiko chini. "Basi waambie mi njo nilianza ule uongo."

Ua ukajaa. Kwaya ikaimba, shemasi Honoré akamshukuru Mungu kwa kilima kilichotoa mtaalamu, kisha akamwita mwenyewe aseme neno. Emérita akasimama.

"Siendi," alisema. "Waliniuliza kama niko na mutoto, nikaandika sina. Mama alinifichia aibu; mi nikaendelea kumukana mutoto kwa mukono wangu." Akamshika Gaëlle begani. "Mutoto wangu njo huyu."

Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Watu walitazama chini, wengine wakashughulika na sahani zilizokuwa tupu. Emérita akabaki wima pale katikati, machozi yakimtoka, hajui amalizie na nini.

Gaëlle akamwonea huruma. Akamvuta kitenge taratibu, akimsogezea kiti.

"Dada," alinong'ona, "ikala."