Chapa ya Boksi la Ilpo

Tarmo Hyvönen alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku moja. Ulikuwa wa miaka thelathini ya kupandisha maboksi ya spika kwenye ngazi za watu. Siku hizi kazi yake ilikuwa chini ya jengo, hapo mjini Tampere, Ufini, kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Anapiga mlio unaopanda toka besi mpaka mluzi, spika za boksi zinautoa, maikrofoni inaunasa, na kompyuta inabaki na chapa ya boksi. Ukiwa na chapa hiyo unapiga gitaa kwa hedifoni na kulisikia boksi lile lile, hata kama lenyewe limeshakuwa kuni.

Na la Ilpo lilikuwa linakwenda kuwa kuni kweli. Ilpo, aliyepiga naye muziki bendini tangu ujana, alikuwa anahamia chumba kimoja kwenye nyumba ya wazee. Gari la taka lingepita saa kumi jioni.

Saa nane, chapa ikiwa tayari, Tarmo alimvalisha Ilpo hedifoni. Ilpo akapiga kidogo, akazivua.

"Huyu maiti."

"Maiti wapi? Tazama mstari ulivyonyooka kwenye kompyuta!"

"Mimi sipigi mistari. Ule mlio umeupitishia amplifaya gani?"

Tarmo akaonyesha amplifaya ndogo ya transista, safi, isiyoongeza lolote.

"Lo! Miaka yote boksi langu limekula amplifaya ya taa, leo unalinywesha maji ya moto!"

Alisema kweli. Ile ya taa za kioo, valvu za zamani, haitulii: spika ikivuta nayo inalegea, besi inavimba, sauti za juu zinapata makali. Tarmo aliyajua yote hayo. Alitegea tu, maana amplifaya yenyewe ilikuwa gorofa ya tatu ya jengo hilo hilo, kilo ishirini na mbili, na lifti mbovu.

Akapanda akilaani kila kidato. Akashuka nayo kifuani, akaitua mara mbili njiani. Akaunga kwanza waya wa spika, kwani ya taa ukiiwasha bila spika inaungua, ndipo akawasha. Wakanywa kahawa na maandazi ya iliki taa zikishika moto. Mlio ukapanda. Safari hii mstari ukatokea na kitambi.

Ilpo akapiga. Machozi yakamtoka waziwazi.

"Ndiye! Tarmo, ndiye huyu! Unamsikia?"

Tarmo akavaa hedifoni, akasikiliza chapa ya kwanza, akasikiliza ya pili. Hakusikia tofauti yoyote. Alisikia ule mluzi uliomwingia masikioni tangu vuli, ambao hakumwambia mtu. Miezi yote hiyo alikuwa akifanya kazi kwa macho. Aibu ikamshika, ile aibu ya mtu mzima.

"Sisikii tofauti, Ilpo."

"Toka lini?"

"Toka vuli."

"Na mstari ulionyooka ukawa unausifia!"

"Nisifie nini tena? Ndio ninaouona."

Ilpo hakumpa pole. Huku kwetu pole haitolewi ovyo. Akamjazia kikombe.

"Basi utaniita nikusikilizie. Kule kwa wazee wanacheza bingo tu, nitakufa kwa bingo. Masikio yangu, mgongo wako."

"Mgongo wenyewe umekwisha, bwana."

"Afadhali. Tutafanya kazi tumekaa."

Honi ya gari la taka ikalia nje. Tarmo akainama kulinyanyua boksi, na Ilpo, aliyekatazwa na daktari kubeba hata ndoo, akashika upande wa pili.