Yaya wa Visahani

Maabara nzima walimwita Yaya, naye hakununa. Wewe ungemwitaje mtu mzima anayeacha kitanda chake Jumapili kwenda kulisha seli za saratani? Seli hazijui sikukuu. Zikikosa maji yao ya lishe zinakufa, na kazi ya miezi imekwenda na maji.

Sasa, ndani ya kabati la joto kulikuwa na visahani viwili vya seli za dada yake. Ndiyo, dada wa tumbo moja, aliyelala naye chumba kimoja tangu utotoni mpaka saratani ilipomchukua. Alipokubali kipande cha uvimbe wake kipelekwe maabara, alimtania mdogo wake: “Afadhali huko, hutanilisha ule uji wako wa mabonge.” Seli zenyewe kaidi kama yeye: ukizigandisha uziweke akiba, zinakufa. Zilibaki hizo tu.

Daktari wa utafiti akaleta peptidi, kipande kifupi cha protini, aone kama itazizuia kukua. Kisahani kimoja kitiwe, cha pili kiachwe kwa kulinganisha. Yaya akaidondosha kwa mkono wake mwenyewe, kazi ni kazi. Lakini moyoni, lo! Peptidi ikishindwa, dada kafa bure. Ikishinda, nusu ya kilichobaki cha dada inakufa. Alitaka peptidi ishinde na seli pia ziishi, na mshika mbili moja humponyoka.

Kila asubuhi aliinamia hadubini, akanong'ona, “Umeamkaje, dada?” Nyumbani hakuwa na wa kumuuliza.

Siku ya matokeo, seli zilizotiwa peptidi zilikuwa zimesinyaa. Zile nyingine zilijaa tele. Daktari akapiga makofi.

“Yaya, imefanya kazi! Haya, zitie rangi tuzihesabu.”

Rangi ile huua, na Yaya alijua. “Hata hizi nzima?”

“Zote. Bila hesabu nani atatuamini?”

Akazitia. Zikageuka zambarau, zikatulia. “Hukufa bure, dada,” akasema, na machozi yakamtoka waziwazi. Daktari akadhani ni ya furaha.

“Jumapili hii pumzika, Yaya. Hakuna wa kulishwa.”

Jumapili alivaa, akafika mlangoni, funguo mkononi, ndipo akakumbuka. Akarudi jikoni akapika uji. Ukatoka na mabonge, na hapakuwa na wa kumcheka.