Beseni la Dada Mwende

Usinicheke kwanza. Mimi si mtu wa kuona majini kila kona. Kwetu Kitui nilikuwa mwimbaji wa kwaya. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, Riyadh, saa saba mchana, jua likiwaka.

Aliyenivuta huko ni Dada Mwende, binti wa mama mkubwa, aliyetangulia mwaka mmoja. Kila wiki alinitumia ujumbe wa sauti: "Njoo mdogo wangu. Madam ni mtu mzuri. Nitakupokea mwenyewe." Sauti yake naijua, tumelala kitanda kimoja tangu utotoni. Ningekataa vipi? Nikaacha cherehani yangu, nikaenda.

Nilipofika kwa madam, mtaa wa Al-Suwaidi, Mwende hayupo. Kafili, yule mwajiri aliyenidhamini, akachukua pasipoti yangu. Nilipomuuliza madam, akasema, "Mafi Mwende, hakuna Mwende. Yalla, kazi!" Nikajua dada amenikimbia. Nilimkasirikia, wacha tu.

Siku ya tatu, nyumba nzima ikiwa imelala baada ya chakula, nilipanda juu ya paa kuanua nguo. Nikafunga mlango kwa komeo nyuma yangu. Kugeuka, nikamwona. Amenipa mgongo, leso yake ile ya manjano kiunoni, beseni la nguo mbichi mikononi, maji yakimchuruzikia miguuni.

"Dada!"

"Nimechoka, mdogo wangu. Nipokee."

Wewe ungefanyaje? Kwetu mkubwa akisema nipokee, huulizi mzigo ni wa nini. Nikanyoosha mikono, nikalipokea. Lilikuwa zito, na baridi, kwa jua lile! Kuinua macho, hayupo. Komeo liko vilevile nilivyolifunga.

Jioni, nikitoa takataka, nilimweleza dereva wa jirani, Mkenya mwenzetu. Akavua kofia.

"Sista, Mwende alianguka kutoka hapo juu kabla ya Ramadhani. Sisi ndio tuliomsindikiza makaburini."

Mimi nilipanda ndege baada ya Hija, zaidi ya miezi mitatu baadaye! Na ujumbe wake wa mwisho niliusikiliza nikiwa uwanja wa ndege. Nyumbani hakuna aliyekuwa ameambiwa lolote. Niamini, kufa kwake kuliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba aliniita ili yeye apumzike. Mimi, mdogo wake.

Baadaye madam alinihamishia Jeddah kwa dada yake, na niko huko hadi leo. Tangu siku ile mikono yangu haikauki. Naipangusa, inalowa tena.

Ningevumilia. Lakini juzi mdogo wangu Kanini alipiga simu akicheka: "Asante kwa ujumbe, dada. Pasipoti imetoka!" Sijamtumia ujumbe wowote. Nimemkataza, nimelia, hataki kusikia. Anasema namwonea wivu. Anasema sauti yangu anaijua.

Kwa hiyo nakuomba, ukimjua Kanini, mzuie. Na wewe ukisikia sauti yangu ikikuita, ikisema nitakupokea, usije. Na siku ukinikuta juu ya paa na beseni, nikikuomba unipokee, tafadhali, weka mikono nyuma.