Walinikalisha na Walimu

Mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alifariki. Msimu huohuo nikaachishwa shule darasa la tatu, nikashika plau. Wenzangu waliendelea. Ng'ombe hawalimi wenyewe.

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja Bariadi, nami nimeshavuka arobaini, wenzangu wale wakaitisha mkutano wa kwanza wa tuliosoma pamoja. Miaka ile kila mtu alitaka kuwa mzee. Mmoja, karani, alitembelea fimbo na miguu yake mizima. Waliotoka Mwanza walikuja na vitambi, wakawa wanaitana "mzee, mzee", na mwenye kitambi kikubwa ndiye aliyepewa kiti cha mbele. Nikatazama, nikala pilau, nikarudi zangu kijijini kwetu Mwamapalala.

Miaka kama kumi baadaye wakaitisha tena. Safari hii hakuna mzee hata mmoja! Wamepaka piko mpaka kwenye ndevu, na jua lile la mchana likaishusha mashavuni pamoja na jasho. Ukiuliza habari za wajukuu, mtu anageukia soda yake. Mimi mvi zilikuwa zimejaa kichwa kizima na sikupaka kitu. Kijijini kwetu kijana akinikuta njiani anashuka kwenye baiskeli, ananiita namhala, yaani mzee, na asiponiita hivyo namuuliza kwao ni wapi. Sasa nizifiche kwa nini?

Mlangoni alisimama yule karani. Huyo tulikaa naye dawati moja, tukagawana penseli kwa kuikata na meno. Akainama.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikamwambia sisi ni rika moja, tulichapwa pamoja kwa kuiba viazi vya shule. Akacheka, akasema walimu wa zamani mna utani, akanishika mkono hadi kwenye viti vya walimu wastaafu. Kikongwe mmoja pale, mwalimu kweli huyo, macho hayaoni vizuri, akaniuliza nilikuwa nafundisha somo gani. Nikamjibu kilimo. Akasema watoto walikuwa hawalipendi.

Wakaitwa wanafunzi wapige picha. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya hiyo tu, kwa sababu ile picha ya darasa la saba waliipiga mimi nikiwa shambani. Nikainuka. Karani akanizuia, eti ya walimu inafuata.

"Sijafundisha mtu," nikamwambia. "Nilikaa na wewe. Umeshiba viazi vyangu ukanisahau?"

Akanitazama sana. Nikaona amenijua. Akasogea sikioni.

"Basi kaa nyuma kabisa, ndugu yangu. Ukikaa mbele watu watajua umri wetu."

Nikachukua kofia yangu nikaondoka. Picha wakapiga bila mimi. Wameniita mara nyingine tena, sijaenda. Mtu mzima anayeukimbia umri wake sina la kuzungumza naye.

Leo, kwa plau ile niliyoishika utotoni, nina nyumba ya bati ya vyumba vinne, mashine ya kusaga, plau tatu, shamba la pamba, majaruba ya mpunga, na ng'ombe waliotosha mahari ya wanangu wote na wengine wakabaki zizini.